Kulaza mashine ya boti msimu wa kusi: dawa ya petroli na jinsi ya kuitumia

Kila mwaka kusi ikianza kukaza, maswali huwa ni yale yale. Petroli iliyobaki niiache tangini au niitoe? Dawa inatiwa kabla ya petroli au baada? Mbona mashine ililala nzima, na sasa navuta kamba hadi mkono unauma na haiwaki? Mwongozo huu ni wako wewe mwenye boti Lamu mjini, Shela, Matondoni, Faza au Kizingitini, ambaye mashine yako itapandishwa Mei na huenda isirudi majini mpaka Septemba au Oktoba.

Nimeziandikia hasa mashine za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), zile za nguvu farasi 15 na 40 za kuchanganya petroli na oili, kwa kuwa ndizo nyingi huku kwetu. Wenye mashine za fostroki, zile zisizochanganya petroli na oili, na wenye majenereta nao watapata lao humu, nitawaambia pale njia inapoachana.

Kinachoharibika

Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka, na hizo ndizo zinazowasha mashine iliyopoa. Kilichobaki hushikana na hewa na kugeuka utando wa rangi ya kahawia unaonata kama ulimbo. Joto letu huharakisha kazi hiyo. Tangini mabadiliko huchukua muda kwa sababu petroli ni nyingi. Kwenye kabureta ni haraka: bakuli lake hubeba petroli kidogo, lina njia ya hewa, na jeti ya mwendo wa pole, kile kipua kinachopitisha petroli, tundu lake halifiki milimita moja. Utando mdogo tu ukikaa pale, mashine imekwisha.

Dawa ya kuhifadhi petroli, ile ambayo madukani huitwa stabilaiza, hupunguza kasi ya petroli kushikana na hewa. Ni hilo tu. Haifufui petroli iliyokwisha kuchacha, haitoi maji, haizuii kutu ya chumvi upande wa nje. Na hailindi mahali ambapo haikufika. Ukiimimina tangini ukafunga kifuniko ukaenda zako, kabureta bado ina petroli ya jana isiyo na dawa, na huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Boti ikisimama wiki mbili au tatu, huhitaji haya yote. Ikipita mwezi, fanya.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Petroli mpya, iliyonunuliwa wiki hiyo hiyo. Lita 5 zinatosha kwa kazi ya kulaza.
- Dawa ya kuhifadhi petroli. Zinazojulikana ni STA-BIL, Star Tron, Sea Foam na ile ya Yamalube. Kama duka la vipuri la karibu halina, agiza Mombasa mapema, kabla mvua za masika hazijaanza. Hakikisha chupa yenyewe inasema ni ya kuhifadhi mafuta. Chupa za kuongeza nguvu ya petroli na za kusafisha injini hukaa rafu moja nayo, na si kitu kimoja.
- Oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki haifai hapa.
- Oili ya gia ya mashine za boti, namba 90, pamoja na washa mpya (pete za kuzibia) za skrubu zake.
- Sirinji ya duka la dawa, ya mililita 20. Ni bei ndogo na inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa.
- Chupa ya kioo isiyo na rangi, safi na kavu.
- Pipa lililokatwa au vikombe vya kuoshea mashine, na maji matamu ya kutosha.
- Spana ya plagi, bisibisi, grisi ya baharini, matambara, na mtungi wa kumwagia petroli mbovu.

Kuhusu maji: visima vingi vyetu vina chumvichumvi, na kuosha mashine kwa maji hayo ni nusu ya kazi. Bahati nzuri, msimu wa kulaza unakutana na masika. Kinga maji ya paa mapema. Maji ya jabia ni ya kunywa, yaache kwa wenye kiu.

Kazi yenyewe

1. Ipime petroli uliyonayo.
Toa kidogo kutoka chini ya tangi, si juu, uitie kwenye chupa ya kioo. Iache itulie nusu saa kivulini, kisha iangalie kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini, yakiwa matone yanayoteleza ukiinamisha chupa au tabaka lenye mstari wake. Kisha nusa. Petroli mpya ina ukali wa kupanda puani. Iliyochacha ina harufu nzito, ya uchachu, karibu na vanishi. Kumbuka kwamba petroli iliyochanganywa ina rangi ya oili, usiihukumu kwa rangi peke yake. Ikiwa ina maji au imechacha, iweke kando. Usiitie dawa, utaipoteza bure.

2. Changanya lita 5 za kulazia.
Kipimo cha dawa ni kile cha chupa yako, si cha jirani. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu dawa hizi zimetofautiana mno. STA-BIL nyekundu ya kawaida ni mililita 30 kwa karibu lita 9.5 za petroli, kwa hiyo lita 5 zinataka mililita 16, na tangi zima la lita 25 linataka karibu mililita 80. Star Tron huhitaji kidogo kuliko hapo, Sea Foam huhitaji nyingi zaidi. Soma.

Oili ni kwa kipimo cha mashine yako, ila mwenye fostroki asichanganye oili, atie dawa tu. Nyingi za huku, zikishazoea kazi, ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, na lita 5 ni mililita 100. Anza kwa kutia oili na dawa kwenye mtungi mtupu, halafu mimina petroli juu yake. Mmiminiko wenyewe utachanganya. Funga, tikisa kidogo.

Dawa ikizidi haiongezi ulinzi, na usichanganye za chupa mbili tofauti.

Kwa nini lita 5 tu? Kwa sababu petroli ikishachanganywa na oili huwezi kuitia kwenye bodaboda wala jenereta la fostroki. Petroli isiyochanganywa ina wanunuzi kila mtaa, na ukiitumia mapema huna haja ya kuilinda. Mimi napenda mashine ilale na petroli kidogo iwezekanavyo, na hiyo kidogo iwe na dawa.

3. Iwashe mashine kwa petroli yenye dawa.
Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye maana kuliko zote.

Toa propela kwanza. Weka mguu wa mashine ndani ya pipa, jaza maji matamu mpaka yafunike lile bamba lililo juu ya mahali pa propela. Gia iwe fri. Unganisha mpira wa mafuta kwenye mtungi wa lita 5, fungua hewa ya kifuniko, bana pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha washa.

Iache ikimbie kwa mwendo wa pole dakika 10 hadi 15. Ndani ya muda huo kazi mbili zinafanyika kwa pamoja: maji matamu yanasafisha chumvi kwenye njia za kupozea, na petroli yenye dawa inasukuma ile ya zamani kutoka kwenye mpira, filta, pampu na kabureta. Angalia kitundu cha maji upande wa nyuma kinatoa mkondo. Kisipotoa, zima mara moja. Usiwashe mashine hata kidogo bila maji, maana impela, lile gurudumu la pampu ya maji, ni ya mpira na ikizunguka kavu inaungua muda si muda.

Fanya haya nje, kwenye hewa. Moshi wa mashine ndani ya banda unaua.

4. Kausha kabureta.
Mashine ikiwa bado inanguruma, chomoa mpira wa mafuta na uiache izime yenyewe. Usiipandishe moto ili imalize haraka: kwa mashine ya kuchanganya, oili inayolainisha ndani huja na petroli hiyo hiyo, na petroli ikiisha mashine inakimbia kavu. Mwendo wa pole tu.

Kuzimika hakuna maana kwamba bakuli limekuwa tupu. Sakafuni bado kuna petroli ambayo jeti haiwezi kuifikia. Tafuta skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, weka tambara, ifungue, iache idondoke yote, uifunge. Mashine yenye kabureta mbili au tatu, fanya zote.

Utaniuliza: ikiwa nakausha kabureta, dawa ya nini? Ni kwa sababu huwezi kukausha kila kitu. Kuna unyevu unaobaki kwenye vijia vyembamba, ndani ya pampu na mpira. Unyevu huo uwe na dawa.

Mwenye mashine ya fostroki ya injeksheni, isiyo na kabureta, wewe njia yako inaachana hapa. Usiikimbize mpaka ikauke, kwa sababu pampu yake ya presha kubwa hulainishwa na petroli. Pitisha petroli yenye dawa kwa dakika zile zile, zima kwa ufunguo, iache ilale nayo, na ufuate kitabu cha mashine yako.

5. Paka oili ndani ya silinda.
Chomoa ile kamba ya usalama ya kuzimia ili kusiwe na cheche. Mashine ikishapoa, toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya TC-W3 kwenye kila silinda, kisha vuta kamba polepole mara kadhaa ili oili ienee ukutani. Ukipata ile ya kupuliza kutoka kwenye mkebe ni nzuri zaidi, lakini kijiko kinafanya kazi. Rudisha plagi kwa mkono kwanza, ndipo uikaze kwa spana.

6. Badilisha oili ya gia.
Weka chombo chini, fungua skrubu ya chini, halafu ya juu, oili itoke yote. Itazame. Ikiwa nyeupe, ya rangi ya maziwa, maji yameingia na sili imechoka. Hiyo itengenezwe sasa, kabla ya kulala. Ukiyaacha maji ya chumvi mle ndani miezi minne utakuta beringi na gia zimeshika kutu. Oili mpya hupandishwa kutoka tundu la chini mpaka itokeze juu. Funga ya juu kwanza, kisha ya chini.

Pakaza grisi kwenye shafti ya propela na kwenye viungo vyote vinavyozunguka.

7. Amua habari ya tangi.
Tangi la kubebeka ni rahisi: litoe petroli yote, likaushe kwa tambara, lifunge. Kama huna budi kuiacha, au tangi limejengwa ndani ya boti, lijaze hadi karibu sehemu tisa kwa kumi, petroli ikiwa mpya na dawa imetiwa kwa kipimo cha lita zote. Nafasi iliyobaki ni ya petroli kutanuka wakati wa joto. Tangi la nusu ndilo baya: lina hewa nyingi, na usiku unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone yanayoteremka chini ya petroli.

8. Ilaze.
Simamisha mashine wima kwenye farasi wa mbao, mguu chini, ili maji yote yatoke. Ukilazimika kuilaza chini, iwe ubavu ule kitabu chake kinaouruhusu, na kichwa kiwe juu kuliko mguu. Ifunike kwa turubai au gunia linalopitisha hewa, usiizungushie nailoni.

Petroli isikae nyumba moja na mashine ikiwa unaweza kuepuka, na kamwe isikae karibu na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakwenda kuukuta moto ulioko chumba kingine. Kwa nyumba zetu zilizobanana na paa za makuti, huo si mzaha. Tafuta mahali pa kivuli, penye hewa, mbali na watoto.

Mwisho, andika kwenye utepe tarehe, aina ya dawa na kipimo, ubandike kwenye mtungi au tangi. Dawa yenyewe ina kikomo: STA-BIL ya kuhifadhia inadai miezi 24, lakini wa chupa hiyo hawakupima kwenye banda la bati la Kizingitini. Mimi singeacha petroli ipite msimu mmoja.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kutia dawa kwenye petroli ya zamani ndilo la kwanza. Mtu ameitumia boti tangu Februari kwa petroli ya mtungi ule ule, Mei anatia dawa akiamini ameisafisha. Petroli ilishaharibika kabla dawa haijafika.

La pili ni mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia. Haikutengenezewa petroli. Plastiki yake hulegea, mvuke hupenya, na mabaki ya mafuta ya kula yakiingia kwenye kabureta ni kero nyingine kabisa. Nunua mtungi wa petroli hata kama ni mmoja. Na usiweke petroli wala dawa kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto hajui.

Usivute petroli kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni ni hatari kubwa kuliko tumboni. Mtu akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Na kuna hawa wanaowasha mashine kila Ijumaa dakika mbili ili isikae. Nia ni njema, lakini dakika mbili zinaingiza petroli mpya kwenye kabureta uliyoikausha, mashine haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na ile oili ya silinda inaoshwa. Ukishailaza, iache ilale.

Kwa jenereta

Ni njia hiyo hiyo, ila ni nyepesi zaidi. Wenye nyumba za wageni Shela ambao hufunga wakati wageni wamepungua: tia petroli mpya yenye dawa, ikimbie dakika 10, funga koki ya mafuta, iache izime yenyewe, fungua skrubu ya bakuli. Badilisha oili ya injini kabla ya kulala, si baada ya kuamka, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi.

Siku ya kuamsha

Angalia kwanza mpira wa mafuta na pampu ya mkono, mpira ukiwa na nyufa badilisha. Tumia petroli mpya. Iliyolala na dawa, ikiwa bado ina harufu nzuri, ichanganye nusu kwa nusu na mpya. Washa ndani ya pipa, si baharini, na usielekee mkondo wa Mkanda wala kisiwa cha Manda kabla hujaisikiliza robo saa nzima. Moshi mwingi wa mwanzo ni ile oili ya silinda, utaisha. Plagi zikilowa oili, zifute au ubadilishe.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa.* Rudisha kamba ya usalama uliyoichomoa, wengi huisahau. Kisha fungua hewa ya tangi, bana pampu mpaka iwe ngumu, kagua cheche ya plagi. Cheche ikiwepo na plagi ikitoka kavu, petroli haifiki: anza na filta, ndipo uende kwenye kabureta.

*Inawaka na choki tu, ukiirudisha inakufa.* Jeti ya mwendo wa pole imeziba. Fungua bakuli, toa jeti, ipulize kwa hewa na dawa ya kusafishia kabureta. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na mashine haitatulia tena.

*Petroli inamwagika kutoka kwenye kabureta.* Sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, imenata. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiendelea, ifungue uisafishe, na usiwashe mashine kabla ya kukausha kilichomwagika.

*Inakimbia vizuri kisha inapoteza nguvu baada ya dakika chache.* Legeza kifuniko cha tangi. Ikirudi, tundu la hewa limeziba. Isiporudi, toa petroli ya chini kwenye chupa ya kioo utafute maji.

*Inawaka lakini haitoi maji.* Zima. Mara nyingi ni mavumbi au chumvi kwenye kitundu, na kijiti laini kinatosha. Ikiwa si hivyo, mapezi ya impela yamekauka yakiwa yamejikunja upande mmoja. Badilisha impela, usisubiri ipate moto njiani.

*Pampu ya mkono haiwi ngumu hata ubane vipi.* Inavuta hewa. Kagua viungo vya mpira pande zote mbili, na uone kama mshale wa pampu unaelekea kwenye mashine.

Ile petroli mbovu uliyoiweka kando usiimwage ufukweni wala kwenye mitaro ya mji, kwa sababu mitaro yote inaishia baharini. Mpelekee fundi anayeoshea vyuma, ikiwa kwenye mtungi uliofungwa na ulioandikwa kilichomo.